Uso umefubaa, umekuwa na mabaka na kila ninachopaka kinachoma: nianzie wapi na elfu hamsini yangu?

Anti habari za kazi, shikamoo kama umenizidi na kama tunalingana basi salama tu. Mimi ni mama wa miaka 48, niko Dodoma, ni mama lishe, kuanzia saa kumi na moja alfajiri niko kwenye moto mpaka mchana saa tisa hivi wateja wakishaisha ndo nakaa chini. Shida yangu ni uso.

Zamani nilikuwa maji ya kunde nimetulia, watu wananiuliza natumia nini nawaambia sabuni na mafuta ya mgando tu hawaamini. Kuanzia mwaka juzi uso ukaanza kufubaa, naonekana nimechoka hata siku niliyolala vizuri, mashavuni pande zote mbili umetanda weusi na juu ya mdomo pia, alafu pembeni ya macho mistari imekuja kwa kasi. Jirani yangu wa sokoni akanipeleka kwa dada mmoja anauza vipodozi, akanipa krimu kwenye kikopo cheupe hakina maandishi yoyote, kasema kachanganya mwenyewe. Anti sikufichi, wiki mbili tu uso ukatakata, mpaka wateja wakaanza kuniita mtoto mzuri. Miezi kama mitatu mbele jua likinipiga inawasha, vipele vikaanza, na pembeni ya pua naona vishipa vyekundu vyembamba. Nikiiacha siku tatu nne uso unavimba na kuchoma usiku kucha, nikiipaka unatulia, kwa hiyo naendelea kuipaka kidogo kidogo usiku.

Katikati hapo nikaambiwa nipake limau na baking poda, nikaambiwa skrabu ya sukari na kahawa, nikanunua na seramu ya vitamini C mtandaoni ikaniunguza siku ya kwanza. Nanawa na ile sabuni ya dawa ya kipande maana nilisikia inaua vijidudu. Sasa hivi hata maji ya chumvi kidogo yakinirukia usoni nasikia.

Binti yangu ana send-off Desemba na mimi ndo mama mwenye shughuli, picha zote nitakuwepo. Nina kama elfu hamsini naweza kuitoa, na baada ya hapo sio kila mwezi. Naomba uniambie nianze na nini, na hayo mafuta ya kukinga jua ni ya kweli kwetu sisi au ni ya wazungu na watu wenye ualbino tu? Na makunyanzi yana dawa? Hedhi nayo imeanza kuruka sijui kama inahusiana. Asante.

Mama Lishe, Dodoma

JIBU

Dada yangu, shikamoo tuiache, tunalingana tu. Nimeisoma barua yako mara mbili na kabla hatujafika kwenye sabuni na losheni naomba tukae kwanza kwenye hicho kikopo cheupe, mana mengine yote uliyoyaandika yanaanzia hapo.

Krimu inayotakatisha ndani ya wiki mbili, alafu ukiiacha uso unavimba na kuwaka, ukirudia unatulia, tabia hiyo mara nyingi ni ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi. Ile kali inayopatikana sana kwenye mikorogo inaitwa clobetasol, na sio kwamba ni sumu kwa kuzaliwa, ni dawa halali ya hospitali, ila hata daktari akikuandikia anakwambia usizidishe wiki mbili mfululizo, na usoni huwa wanaikwepa. Inabana mishipa ya damu na kuzima hasira ya ngozi ndo mana unaona umetakata upesi, huku chini kwa chini inaipunguza ngozi unene. Hivyo vishipa vyembamba pembeni ya pua ni ngozi imekuwa nyembamba mpaka kilichoko ndani kinaonekana. Na huko kuwaka ukiiacha sio ushahidi kwamba uso wako unaihitaji, ni ngozi imeshazoeshwa dawa na sasa inaidai.

Steroidi sio peke yake humo. Wachanganyaji wanatia haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, ambayo ikipakwa muda mrefu bila usimamizi inaweza kuleta weusi wa kibluu unaokaa hapohapo kwenye mashavu na ni mgumu sana kutoka, Afrika Kusini waliipiga marufuku kwenye vipodozi tangu 1990 baada ya kuona nyuso za wanawake wao. Wengine wanatia zebaki, hiyo inaingia mwilini na kuharibu figo, na inahamia kwenye taulo na foronya mpaka kwa mtoto anayelala na wewe. Ukikuta kipodozi kimeandikwa kisigusane na dhahabu au fedha, kiache dukani, hiyo ni dalili ya zebaki. Chako hakina hata maandishi. Serikali yetu inavipiga marufuku hivi vyenye viambata sumu na TBS kila mara wanavikamata na kuviteketeza, ila kikopo kisicho na jina kinapita mlango wa nyuma.

Kwa hiyo la kwanza ni hospitali, sio dukani. Nenda hospitali ya rufaa hapo Dodoma uulizie daktari wa ngozi, ubebe na kikopo chenyewe usikitupe, umwambie umepaka kwa muda gani na sehemu gani za mwili. Hilo la sehemu ni muhimu sana, kama ulikuwa unapaka uso tu ni jambo moja, kama ulishuka nayo shingoni, mikononi, mapajani kwa miezi mingi usiikate ghafla peke yako mana mwili unaweza kuwa umepunguza kutengeneza steroidi yake yenyewe, unapata kuishiwa nguvu na presha kushuka. Daktari anaweza kukushusha taratibu au akakupa kitu cha kutuliza wakati unaacha. Na ujiandae moyo, wiki za kwanza uso unaweza kuonekana mbaya kuliko sasa, watu watakuuliza, jirani yako wa sokoni ndo atakuwa wa kwanza kukwambia urudie. Usirudie dada yangu, nakuomba sana.

Sasa hayo mengine. Limau, baking poda, skrabu, seramu, sabuni ya dawa, vyote vikae pembeni leo hii. Watu wanasema limau ni la asili halina madhara, wakati ni asidi kali, na juisi yake ikikaa kwenye ngozi ukatoka juani inaunguza kweli, inaacha alama nyeusi inayokaa wiki au miezi. Baking poda ndani yake kuna magadi, ambayo yako upande wa pili kabisa. Ngozi yenyewe inapenda uasidi mdogo, pH (kipimo cha uasidi) kama 5 hivi, na sabuni nyingi za kipande ziko 9 mpaka 10, upande wa magadi, kwa hiyo wewe asubuhi unaisukuma huku jioni unaisukuma kule alafu unaisugua na sukari. Na kwa ngozi zetu nyeusi kuna kitu wengi hawajui, kila inapoungua au kukwaruzwa au kuwashwa inajibu kwa kutengeneza weusi zaidi. Ina maana sehemu ya hayo mabaka unayopigana nayo yametengenezwa na dawa za kuyaondoa. Ukuta ambao plasta inabanduka haupakwi rangi, unarudishiwa plasta kwanza, na uso wako uko hapo.

Kurudisha plasta ni kazi ya usiku na ni ya bei ndogo mno. Ukimaliza biashara, nawa na maji ya kawaida, sio ya moto, na sabuni ya maji isiyo na harufu, kidogo sana, kwa vidole tu, hakuna dodoki wala kitaulo kigumu. Asubuhi sabuni ya nini, maji matupu yanatosha, hukulala kwenye mkaa. Ukishanawa usiku usijifute mpaka ukauke, bonyezabonyeza tu na kanga laini uache unyevu, alafu weka matone mawili ya glisarini kwenye kiganja kilicholowa maji, sugua viganja, bandika usoni na shingoni. Glisarini usiipake kavu peke yake, inanata na kwa hewa ya Dodoma ilivyo kavu na upepo ule haikusaidii, inataka maji ya kushika. Juu yake chukua mafuta ya mgando kiasi cha punje ya harage, yapashe kwenye vidole, yabonyeze juu juu. Yale mafuta yako ya zamani. Hayo mgando yasiyo na manukato ndo moja ya vitu bora vinavyojulikana vya kuzuia maji yasitoroke kwenye ngozi na ni nadra sana kumdhuru mtu mwenye ngozi inayowasha, mahospitali yanayatumia hata kwa vidonda. Kama huwa unatoka chunusi paka kidogo zaidi ya hapo.

Kwa wiki nne za mwanzo usiku wako ni huo tu. Ukiona dada mtandaoni ana mstari wa chupa kumi mezani mpite. Kila chupa ina manukato yake na vihifadhi vyake na uso uliojeruhiwa hauwezi kukwambia kipi kati ya kumi ndo kimeuchoma.

Tuje kwenye jua, na hapa ndo nataka hela yako iende. Uliuliza kama mafuta ya jua ni ya kweli kwetu. Ni ya kweli. Weusi wetu unatukinga kiasi, hasa na kuungua na saratani, ila hautukingi vya kutosha na mabaka ya mashavuni wala na kuzeeka. Watu wenye ualbino kwao ni kufa na kupona, ndo mana pale hospitali ya KCMC Moshi kunatengenezwa sanskrini, yaani hayo mafuta ya jua, kwa ajili yao na wanapewa bure, hiyo tuwaachie wenyewe wanaoihitaji. Wewe nunua ya dukani. Na kuhusu makunyanzi nikupe ushahidi mmoja ninaouamini, kule Nambour Australia walichukua watu wazima 903 chini ya miaka 55, wakawafuatilia miaka minne na nusu, wengine wakapaka sanskrini kila siku na wengine wakapaka wanavyojisikia, waliopaka kila siku ngozi zao zilizeeka asilimia 24 pungufu. Walikuwa weupe wengi wao, sawa, lakini ule mwale unaozeesha, UVA, unapita kwenye mawingu na kioo cha dirisha, na kwetu karibu na ikweta mwaka mzima uko juu.

Tafuta iliyoandikwa SPF (kipimo cha kukinga jua) 30 au zaidi na iwe na neno UVA au broad spectrum kwenye kopo, isiwe na manukato. Usilipie SPF 100, 30 inazuia kama asilimia 97 ya UVB, ule mwale unaounguza, na 50 kama 98, tofauti iko kwenye hela zaidi. Kwa mabaka kama yako, sanskrini yenye rangi ya ngozi ni bora kuliko nyeupe mana ile rangi ni oksidi ya chuma, inazuia na mwanga wa kawaida ambao nao unachochea weusi kwa watu wa rangi yetu. Ukikosa ya rangi, paka nyeupe, isubiri ikae, alafu weka poda yako ya kawaida inayofanana na wewe juu yake, poda hizo nyingi zina rangi hiyohiyo. Kipimo ni mistari miwili kamili kwenye kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Wengi wanapaka kama manukato alafu wanasema haifanyi kazi.

Kwa kazi yako sasa, mana najua mtu wa ofisini anaambiwa paka tena kila masaa mawili akiwa kwenye kiti, wewe unatoka jasho juu ya sufuria ya maharage. Saa kumi na moja alfajiri hakuna jua, usihangaike, tembea na tyubu kwenye pochi. Jua likichomoza, nawa jasho na maji, jibonyeze ukauke, paka, ikae robo saa. Saa nne au tano hivi kabla ya kundi la mchana rudia. Jasho likija usilifute kwa kuvuta na pindo la kanga, hapo unaondoa sanskrini na unakwaruza ngozi, libonyeze tu na kitambaa safi cha pamba, uwe nacho kimoja cha uso peke yake sio kile kile cha kushikia sufuria. Joto lenyewe la mkaa nalo linachochea hayo mabaka hata pasipo jua, hilo huwezi kuliepuka lote ila simama upande moshi na mvuke hauji, na kama msaidizi wako anaweza kukaa kwenye chapati na wewe ukawa kwenye kuhudumia hata nusu siku, badilishaneni. Turubai na kofia pana ya ukili vina nguvu kuliko tyubu yoyote na unalipa mara moja.

Kwenye hela niwe mkweli. Glisarini na mgando vyote viwili havifiki elfu kumi na tano na vitakaa miezi. Sanskrini ndo gharama, na tyubu ndogo ya mililita 50 ukipaka inavyotakiwa inaweza isifike hata mwezi, kwa hiyo usivutiwe na kikopo kizuri cha uso, tafuta chupa kubwa ya mwili isiyo na manukato, inafanya kazi ileile na unapata nyingi kwa bei hiyohiyo. Nunua famasia, soma tarehe ya kuisha, na kabla ya kuipaka usoni jaribu chini ya taya siku tatu nne mfululizo uone kama itawasha. Mwezi ukikosa hela ya tyubu, kofia na kivuli vibaki.

Hedhi kuruka inahusiana, ndiyo. Homoni ya estrojeni ikishuka ngozi inakuwa kavu, nyembamba, na inakosa subira na vitu ilivyokuwa inavivumilia, na miaka mitano ya kwanza baada ya hedhi kukoma wataalamu wanakadiria ngozi inapoteza kama asilimia 30 ya kolajeni yake, ile protini inayoishika. Kwa hiyo sio wewe umezembea. Kolajeni za unga za kunywa kwa bei ile mimi singekushauri kwa bajeti yako, kula dagaa, mayai, maharage yako mwenyewe, mboga. Na sindano za kung'arisha usiziguse.

Dawa ya makunyanzi yenye ushahidi ipo, ni jamii ya retinoidi, tretinoin ya kuandikiwa au retinoli ya dukani, lakini sio sasa. Uso ukishakaa miezi miwili bila kuwasha, ndo uulize daktari wako, na utaanza usiku mara mbili kwa wiki, punje ya njegere uso mzima, juu ya mafuta. Hairuhusiwi kwa mjamzito, na hedhi kuruka sio kukoma, mimba bado inaingia kwa umri wetu, kwa hiyo hilo nalo mliongee. Kwa mabaka ningeanza na asidi ya azelaiki kabla ya hiyo, ni pole zaidi na inafaa ngozi nyeusi, muulize daktari kama anaona wakati umefika.

Desemba. Ukianza sasa, mwezi mmoja mpaka miwili utaona kuwasha kunapungua na uso unashika unyevu, mng'ao unarudi hapo kabla hata madoa hayajatoka. Madoa yanachukua miezi mitatu na kuendelea, na ya mashavuni huwa yanafifia kuliko kufutika, mistari ya macho itakuwepo. Mpambaji wako mwite mwezi mmoja kabla mfanye jaribio la mekapu na vitu vyake, uone ngozi inasemaje kesho yake, na umwambie wazi kwamba una ngozi inayoungua. Wiki ya shughuli usikubali fasho ya kuchubua wala kunyolewa nyusi kwa nta, hata ikiwa ni zawadi ya kamati.

Na siku hiyo ukiwa hospitali, waombe wakupime na wingi wa damu na presha, na kama viungo vinauma asubuhi, au una vidonda mdomoni visivyoisha, au homa za kuja na kuondoka, wataje bila kusubiri kuulizwa, kwa sababu wekundu wa mashavu unaochochewa na jua kuna magonjwa ya ndani yanayojitokeza hivyohivyo na vipimo vyake ni vingine.